Jikoni kwa Viljoen

Pretoria,
14 Agosti 2003

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na yule mbuzi wako mkorofi hajakupeleka tena barazani kwa chifu. Mimi mzima.

Kaa chini kwanza. Kama umesimama dukani kwa Ma-Sibiya unasoma huku watu wanakuchungulia begani, kunja barua urudi nyumbani.

Nimenunua nyumba. Si ya kuishi, ni ya kupangisha wageni: hawa watu wa mjini wanaotaka kulala siku mbili tatu karibu na msitu, wavue samaki, waangalie maporomoko, kisha warudi kwenye foleni zao za magari. Iko Lekgalong, ng'ambo ya mto, pale barabara ya mji inapoishia na misonobari inapoanza. Ya mawe, bati jekundu, vyumba vitatu na baraza mbele. Umeshaijua?

Ndiyo, baba. Nyumba ya Viljoen.

Kampuni ya mbao iliiuza alipostaafu umeneja, akaichukua mzee mmoja mpenda uvuvi; sasa amekufa na watoto wake hawaitaki. Niliiona picha kwenye dirisha la dalali, nikaingia nikauliza bei. Mama alipiga magoti kwenye sakafu ile miaka kumi na mmoja akiing'arisha kwa nta. Mimi nilikuwa namngoja kwenye ngazi za nyuma, maana mtoto wa mpishi havuki kizingiti. Leo ufunguo uko mkobani mwangu. Nimejinyima miaka tisa, benki ikaongezea. Laiti mama angekuwepo.

Lakini wewe upo, na wewe ndiye utakayelala humo wa kwanza. Njoo mwisho wa mwezi ujao nikufungulie mlango wa mbele. Nimesema wa mbele, baba.

Mwanao,
Mmathapelo


Moremong,
29 Agosti 2003

Mwanangu Mmathapelo,

Baada ya salamu, mimi ni mzima kama mti uliosahauliwa na msumeno. Wasiwasi ni juu yako.

Barua nimeipata. Nimeisoma, nikaiweka chini ya Biblia, nikaitoa nikaisoma tena. Hongera sana, mama. Katika ukoo wa Malele hakuna aliyewahi hata kuiota ndoto hiyo. Nilimwambia mchungaji, akanipigia makofi njiani peke yake kama mwendawazimu.

Ila mwezi ujao sitaweza. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja amekataliwa na mama yake, namnywesha kwa chupa. Halafu paa la kanisa linaezekwa, na hapa kijijini anayejua ubao mzuri na mbovu ni mimi tu. Goti nalo ni hilohilo.

Jambo lingine. Nyumba ile ina unyevu. Nimefanya kazi msitu ule miaka thelathini na mmoja, naujua. Ukuta wa kusini unavuja kila masika. Dalali hakukwambia, au siyo? Kama njia ya kurudi nyuma bado ipo, ifikirie. Chini kule karibu na daraja kuna nyumba nzuri zaidi. Nasema tu.

Na usininunulie simu ya mkononi, najua unapanga. Ya dukani inanitosha, ingawa Ma-Sibiya hujibu maswali kabla yangu. Barua ni bora. Barua haina wasikilizaji.

Baba yako,
Phineas Malele


Pretoria,
20 Septemba 2003

Baba,

Shikamoo. Ukuta wa kusini ni mkavu kama mfupa. Nimemleta fundi, ameugongagonga wote, akaniuliza, "Nani kakwambia unavuja?" Nikasema ni babangu. Akacheka, "Basi baba hataki kukutembelea."

Ni kweli?

Paa limepakwa rangi, choo kimehamia ndani, vitanda vimefika. Mafundi nimewaambia waguse kila kitu isipokuwa jikoni. Jiko la kuni lile la chuma bado lipo, baba, na meza ileile ya mbao, na kile chumba kidogo cha pembeni cha kuoshea vyombo, mlango wake bado unalia. Wageni wanapenda vitu vya zamani. Mimi nimeviacha kwa ajili ya mama. Nikisimama pale naona mikono yake.

Sasa sikiliza neno langu. Nahitaji mtu wa kuangalia nyumba: kupokea wageni, kuwaonyesha njia za msituni, kuhakikisha kuni zipo. Nani anaujua msitu ule kukushinda? Nitakulipa mshahara kamili. Fikiria ukikaa barazani, watu wenye magari makubwa wakija kukuuliza, "Mzee Malele, njia ya maporomoko ni ipi?" Watoto wa wale waliokuwa wakikuita "kijana" ukiwa tayari na mvi.

Wageni wa kwanza wanakuja mwezi wa kumi. Niambie ndiyo.

Mwanao,
Mmathapelo


Moremong,
6 Oktoba 2003

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kanisa limeezekwa. Mwanambuzi anaishi, ananifuata kama mbwa, watu wananicheka.

Kazi uliyonipa ni ya heshima, lakini mpe mtu mwingine. Katika ule ukoo wa Mogane pale mjini kuna vijana wasio na kazi, watakushukuru.

Naomba kitu kimoja, nawe usiniulize sababu. Jiko hilo livunje. Meza itoe nje uipasue kuni. Kile chumba cha vyombo kibomoe, paunganishwe pawe ukumbi. Watu wa siku hizi si wanapenda nafasi? Gharama ya fundi ni juu yangu. Nitauza mbuzi wote, hata huyu wa chupa.

Baba yako,
Phineas Malele


Pretoria,
2 Novemba 2003

Baba,

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu nisije nikakujibu vibaya. Nimeshindwa, nitakujibu vibaya.

Kitu pekee cha mama kilichobaki duniani, unaniambia nikivunje! Kaburi lake tu ndilo lingine. Kwa nini? Unaona haya kwamba aliwapikia wazungu? Yeye hakuona haya. Au unaona uchungu kwamba binti ndiye aliyenunua, si wewe? Nisamehe, lakini nimewaza yote hayo. Wafanyakazi wenzangu hospitalini wananiuliza, "Mzee ameipenda nyumba?" Nawajibu ameipenda sana. Umenifanya mwongo nikiwa na miaka thelathini na sita.

Haya, yaishe. Nina habari ambayo hata goti lako litainuka.

Nimempata mjomba Josias.

Ndiyo, mdogo wake mama. Unakumbuka mama alivyokuwa akisema, hata kitandani, "Sijui Josias anakula nini leo"? Tangu walipomfukuza msituni mwaka ule wa mgomo, barua zake zilikuja mbili tatu, kisha akahama mgodi na kupotea. Nilipeleka jina lake kwenye kile kipindi cha redio cha kutafuta ndugu. Wiki iliyopita msichana akanipigia simu kutoka Welkom: "Dada, unayemtafuta ni baba yangu." Anaitwa Keneilwe, ana miaka ishirini, wanaishi wawili tu. Mjomba amechoka, mapafu yamejaa vumbi la mgodi, na masikio karibu yote yamekufa. Lakini aliposikia jina lako, Keneilwe anasema, alicheka kwa sauti, jambo ambalo halijatokea mwaka mzima.

Krismasi nawaleta Lekgalong. Sipangishi wiki hiyo. Tutakuwa sisi tu, jikoni kwa mama. Nimeshamwambia utakuwepo. Usiniletee habari za mbuzi.

Mmathapelo


Moremong,
5 Desemba 2003

Mmathapelo mwanangu,

Barua hii nimeianza tangu ya kwako ilipofika. Haina salamu. Keti.

Mwaka ule, 1980, mti ulimwangukia Amos, mkata miti mwenzetu, na msaidizi wake, wakafa wote wawili. Kampuni ikawapelekea wajane gunia moja moja la unga. Wanaume wakaanza kukutana Jumapili baada ya ibada, kwenye banda la kukaushia mbao. Aliyekuwa akisema ni Josias. Alikuwa na ulimi mjomba wako, angeweza kumfanya nyoka acheke. Mimi nilikaa nyuma. Tulikubaliana kuweka misumeno chini Jumatatu ya kwanza ya Julai.

Ijumaa kabla ya siku hiyo Viljoen akaniita. Hakuniita ofisini, aliniita jikoni kwake. Akaniambia nikae kwenye kiti, akanimiminia chai kwa mkono wake, ndani ya kikombe cha wageni. Nilikuwa sijawahi kukaa mbele ya mtu yule. Akasema, "Phineas, mtoto wako ana akili, mwalimu ameniambia. Shule ya bweni ya misheni inachukua wasichana sita tu mwakani, na mimi neno langu kule linasikika." Nikasema, asante bwana. Akasema, "Najua kuna jambo linapikwa. Orodha siitaki. Nipe jina moja tu."

Nilikunywa ile chai nikafikiri. Hili ndilo ninalotaka ulijue: nilifikiri. Sikupigwa, sikutishwa. Nilipita kichwani kwa kila mwanamume kama mtu anayechagua mti wa kukata. Huyu ana watoto watano. Huyu mama yake ni kipofu. Josias hana mke, hana mtoto. Watamfukuza, atapata kazi kwingine, kijana yule. Nikasema, "Josias."

Polisi walimchukua Jumapili, kanisani, watu wakiimba. Nilidhani watamfukuza tu. Walimweka siku arobaini. Alipotoka kuja kuchukua vitu vyake sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Ilikuwa baridi, nikamvua lile shati lake lililoraruka, nikampa koti langu na nauli. Akanishika mikono yote miwili, akalia. Akasema, "Shemeji, katika watu wote wa msitu huu, ndugu yangu ni wewe."

Januari ukaenda shule.

Mama yako miaka yote ile hakusema neno. Aliacha tu kuniita Phinu, jina alilonipa tukiwa wachumba. Akawa ananiita Baba Mmathapelo, kama jirani. Nikadhani ni utu uzima. Wiki yake ya mwisho, namlisha uji, akasema, "Siku ile kwa Viljoen, mimi nilikuwa chumba cha vyombo." Akameza. Nikangoja aendelee. Akafungua tu mdomo nimpe kijiko kingine.

Sasa unajua kwa nini siwezi kuvuka kizingiti kile.

Ukiona bado inafaa nije Krismasi, niandikie neno "njoo", basi. Nitakuja nimwambie Josias mwenyewe, mbele yako. Usiponiandikia nitaelewa, nitakaa nilipo.

Baba yako


Lekgalong,
28 Desemba 2003

Baba,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza ya jikoni. Mjomba na Keneilwe wameondoka asubuhi hii.

Nilikuja huku tangu tarehe sita kuandaa. Nilioka mkate, nilipika maboga kama mama, nilinunua nyama ya kondoo kwa ajili yako. Siku tatu, baba. Siku tatu mzee wa watu alikaa barazani kwenye kiti, amejifunika blanketi katika jua la Desemba, anatazama barabara. Kila gari likipita darajani anauliza, "Ni yeye?" Anauliza kwa sauti kubwa kwa sababu hajisikii mwenyewe. Na mimi napiga kelele, "Bado, mjomba! Labda basi limechelewa!"

Unajua alikuja na nini? Koti. Koti lako la zamani, limefuliwa na kukunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alinisimulia ulivyompa siku walipomfukuza, wakati wengine wote walikuwa wanavuka njia wasikutane naye. Akaniambia, "Kule mgodini nikilala nje nilijifunika hili. Nilikuwa nikisema, angalau mmoja hakuniuza." Hivyo ndivyo anavyokufikiria. Na wewe ukashindwa kupanda basi la kilomita arobaini.

Tarehe ishirini na sita nikamtia ndani ya gari nikaja naye Moremong. Nyumba imefungwa. Jirani anasema ametoka sasa hivi, chai yake bado ina mvuke mezani, ameiona dirishani. Mjomba akasema, "Tumsubiri." Tukasubiri saa mbili. Akaanza kukohoa, nikamrudisha.

Sijui umekuwa mtu wa namna gani. Mama angeona aibu.

Mmathapelo


Moremong,
6 Januari 2004

Mmathapelo,

Kumbe hukuisoma.

Nilikuandikia tarehe tano Desemba. Itakuwa imekufuata Pretoria wewe umeshaondoka. Nilikwambia kunyamaza kwako nitakuhesabu kuwa ni jibu. Uliponyamaza nikajua umeamua, nikakaa nilipo. Nilipoliona gari nilidhani umemleta kunishitaki.

Nilikuwa nyuma ya zizi. Saa zile mbili zote. Nilimwona kupitia matete. Amekuwa mdogo, Josias.

Barua iko ndani ya sanduku lako la posta. Ifungue au ichome. Mimi siwezi kuiandika mara ya pili.

Baba


Pretoria,
19 Januari 2004

Baba,

Nimeisoma.

Nikaendesha gari hadi Lekgalong siku hiyohiyo. Yule kijana wa Mogane niliyemwajiri nilimweka jikoni, mimi nikaingia chumba cha vyombo nikafunga mlango. Nikamwambia, "Sema chochote, kwa sauti ya kawaida." Akasema, "Sasa niseme nini, dada? Leo kuna joto." Nilisikia kila neno, hata pumzi aliyovuta.

Miaka yote mliniambia nilipata ile nafasi kwa akili zangu. Nimeiringia. Nimewaambia wasichana wanaofanya mafunzo ya famasi chini yangu: someni, mimi baba alikata miti, hakuna aliyenibeba. Nimesema hivyo mara ngapi, baba? Mbele ya watu!

Sikulaumu kama ninavyotaka kukulaumu. Kila ninapoanza, naona mikono inayoshika kalamu hii imefundishwa kuandika kwa bei hiyohiyo. Natamani ningekuwa na baba mbaya tu, ingekuwa rahisi.

Nakuomba jambo moja. Mjomba usimwambie. Daktari amempa miezi. Ana kitu kimoja kizuri anachokikumbuka kutoka msitu ule, nacho ni wewe. Mwache afe nacho. Utakapomwambia, utapumua wewe; yeye utamvua koti.

Usiniandikie kwa muda.

Mmathapelo


Moremong,
21 Machi 2004

Mwanangu,

Umeniomba nisimwambie. Nimekwenda. Nisamehe kwa hilo peke yake, mengine yakae.

Niliwaza sana neno lako kwamba nitapumua mimi. Ni kweli. Lakini niliwaza pia, mtu yule ananiombea kila siku. Keneilwe aliniandikia kwamba jina langu analitaja katika sala, kabla ya la marehemu mkewe. Nikaona kila jioni namwibia tena.

Mabasi mawili, siku nzima na nusu. Keneilwe alinipokea kituoni, msichana mpole, hacheki ovyo. Nyumba yao ni chumba na sebule. Josias alikuwa kitandani, amewekewa mito mgongoni. Aliponiona akafungua mikono. Sikwenda kukumbatiwa. Nilimwambia Keneilwe atoke, akaenda jikoni, na jikoni kwenyewe ni nyuma ya pazia.

Nikaanza kusema. Josias akaweka mkono sikioni: "Nini?" Nikasema kwa sauti zaidi. "Shemeji, sikusikii, paza!" Mmathapelo, jambo nililolisema mara moja kwa sauti ya chini juu ya kikombe cha chai, ilinibidi nilipigie kelele mchana kweupe, majirani ukutani, mtoto wake nyuma ya pazia. "NI MIMI NILIYEMPA VILJOEN JINA LAKO!"

Akanitazama. Akasema, "Sema tena."

Sijui kama hakusikia au alitaka niseme tena. Nikasema tena. Akasema, "Kwa ajili ya nini?" Nikasema, "Shule. Shule ya Mmathapelo." Nyuma ya pazia kijiko kikaanguka.

Tukakaa. Kikohozi chake kikaja kikaenda. Nikangoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Mwisho akauliza, "Dada yangu alijua?" Nikasema alijua. Akasema, "Na akakaa na wewe." Nikasema ndiyo, miaka ishirini. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeonyeshwa kifaa asichokielewa matumizi yake.

Kisha akamwita mtoto wake: "Keneilwe, mpe mgeni chakula. Ametoka mbali." Mgeni. Akageukia ukutani.

Nililetewa ugali na mboga, nikala peke yangu mbele ya mgongo wake, kwa sababu kukataa kungekuwa dharau ya pili. Nililala kwenye kochi. Asubuhi alikuwa amelala au amefumba macho. Lile koti lilining'inia msumarini juu ya kitanda chake. Hakunipa, wala sikuliuliza.

Hakunisamehe. Wala hakunifukuza. Umesema nitapumua. Nimeambiwa hivyo na mchungaji pia. Sijapumua, mwanangu. Nimesema tu.

Baba yako,
Phineas


Pretoria,
4 Julai 2004

Baba,

Shikamoo.

Mjomba Josias amefariki tarehe kumi na saba Juni, na tumemzika tarehe ishirini na sita, Welkom. Unaisoma habari hii baada ya mazishi kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Nilijua ungepanda basi. Nilikaa na simu mkononi, namba ya dukani kwa Ma-Sibiya naijua kwa moyo, nikaiweka chini. Nilijiambia ni kwa ajili ya Keneilwe. Si kweli. Nilitaka kuwe na mahali pamoja ambapo hukufika kwa sababu mimi nimekuzuia. Pale kaburini, walipoita, "Wakwe na mashemeji watupe udongo," hakuna aliyesogea, na pengo lako likaonekana na kila mtu. Hapo nikajua nimefanya nini. Hilo ni langu, sikuombi uniondolee.

Keneilwe anasema hakukutaja tena hadi mwisho, kwa wema wala kwa ubaya. Katika sala alianza na jina la mkewe.

Nyumba nimeiuza mwezi wa tano, kwa mume na mke wanaotaka kufuga nyuki. Nilijaribu kuendelea, baba. Wageni walikuwa wanakuja. Familia ya mwisho iliandika kitabuni: "Jikoni pana joto la ajabu, tulikaa humo likizo nzima." Mimi mwenyewe kila nikienda nilikuwa nalala ndani ya gari. Jiko sikulivunja. Wenye nyumba wapya hawajui kitu, na sikuwaambia. Waliniuliza kama kuna la kujua, nikawaambia ukuta wa kusini uangaliwe masika.

Nitakuja Moremong Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Usichinje, usimwalike mchungaji. Sijui nitasema nini. Pengine nitakaa tu na wewe nje mpaka jua lichwe, kisha nirudi.

Limebaki moja, nalo sijui nimpe nani isipokuwa wewe.

Siku ya kuamkia mazishi nilikuwa nyuma ya nyumba na Keneilwe, tunamenya viazi vya watu mia mbili, beseni katikati yetu. Hakuwa amesema nami zaidi ya salamu. Mara akauliza, bila kuinua kichwa, "Dada, yule aliyesomeshwa ni wewe?"

Nikasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Akamenya kimoja, akamenya cha pili. "Ulisomea nini?"

"Dawa. Mimi ni mfamasia."

"Ahaa. Ndiyo maana ulizijua chupa zote za baba." Yeye aliacha shule kidato cha pili, baba, mapafu ya mjomba yalipoanza kufunga. Hakulisema hilo, nalijua kwa jirani. Akatupa kiazi ndani ya maji, akajifuta mkono kwenye kanga, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Ni kazi nzuri," akasema.

Kisha akanisogezea viazi vilivyobaki, tukaendelea kumenya.

Binti yako,
Mmathapelo